Mwamba, Funguo na Mzabibu



Mara nyingi washarika hutuuliza jinsi ya kuwajibu jirani zao Wakatoliki wasemapo, "Sisi tuna Petro, nanyi mna nani?" Swali hili haliulizwi vyuoni tu. Laulizwa sokoni Tukuyu, laulizwa msibani watu wakiota moto, na zaidi ya yote laulizwa nyumbani, pale binti wa Kilutheri aposwapo na kijana wa Kikatoliki, nao wazee wa pande mbili waliokutana kwa habari ya ng'ombe za mahari wakajikuta wanabishana kwa habari ya Papa. Hapo neno moja baya laweza kuvunja uchumba, au kuwatenga wajukuu na babu yao miaka mingi. Kwa hiyo yatupasa kuyajua maneno yetu kabla hatujafungua kinywa.

Angalieni kwanza ya kuwa maandiko yote yatumiwayo katika mabishano haya ni maneno ya mifano. Mwamba ni mfano, na funguo ni mfano. Vivyo hivyo mzabibu, mwili, zizi, mchungaji na bibi arusi. Mfano huja na neno lake moja au mawili, na likiisha kusemwa, mfano hunyamaza. Bwana alipojiita mlango wa kondoo (Yn. 10:7), hakuna mwanafunzi aliyeuliza bawaba zake zi wapi. Lakini wabishi hawaupi mfano ruhusa ya kunyamaza. Huusukuma mbele kama punda aliyechoka, wakiutwika mizigo ambayo mwenyewe hakuutwika.

Nitawapa kielelezo cha hapa kwetu. Katika Yohana 15 Bwana anajiita mzabibu, nasi tu matawi. Katika Rungwe hatuna mizabibu, tuna migomba, toka Tukuyu hata Mwakaleli. Basi mwalimu atakaye kueleweka huona vema kusema, Kristo ni mgomba nasi ni machipukizi yake. Watu wote huitikia kwa kichwa, maana kila mmoja ana migomba nyuma ya nyumba yake. Lakini tazameni lililotendeka. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu. Mkungu ukiisha kukatwa, mgomba nao hukatwa, na chipukizi husimama mahali pake; baadaye chipukizi la chipukizi, na ndivyo shamba lidumuvyo miaka hamsini. Mwalimu huyu, pasipo kujua, amefundisha ya kuwa Kristo alizaa mara moja akaondoka, na mwingine amesimama mahali pake, na baada ya huyo mwingine tena. Yaani amefundisha urithi wa kiti. Lakini mzabibu hauondoki. Tawi la mwaka huu linanyonya maji katika shina lile lile lililolisha tawi la mwaka jana, na shina halina mrithi kwa kuwa halikufa. Bwana alichagua mti wake kwa makusudi. Mwalimu akibadili mti amebadili fundisho, hata kama nia yake ilikuwa njema kabisa.

Wala tusiwasingizie Wakatoliki maneno ya mgomba. Padre mwenye elimu hatasema ya kuwa Kristo amekufa na Papa amemrithi. Atasema Kristo yu hai, naye ndiye kichwa, na Papa ni wakili wake hapa duniani na mrithi wa Petro. Mtu abishanaye na mafundisho ambayo mwenzake hayashiki apoteza siku yake bure.

Sasa tuje kwenye mwamba. Mathayo 16:18 Bwana anamwambia Simoni ya kuwa yeye ni Petro, na ya kuwa juu ya mwamba huo atalijenga kanisa lake. Walimu wengi wa upande wetu hupenda kujibu hivi: katika Kiyunani *petros* ni jiwe dogo, na *petra* ni mwamba mkubwa, basi Petro ni kokoto, na mwamba ni mwingine. Nawasihi ndugu zangu waliache jibu hili. Bwana hakusema Kiyunani na wavuvi wa Galilaya. Alisema Kiaramu, na katika Kiaramu neno ni moja tu, Kefa, kwa jina na kwa mwamba. Jina hilo mwalisoma wenyewe katika Yohana 1:42, na Paulo alitumia jina hilo hilo alipowaandikia Wagalatia. Katika Kiswahili hatulisikii, maana Petro na mwamba hayafanani hata kwa herufi. Lakini masikioni mwa wale waliosimama Kaisaria ya Filipi lilikuwa neno moja lililotajwa mara mbili. Oscar Cullmann, mtaalamu wa Kilutheri aliyezaliwa Strasbourg, alitoa kitabu juu ya Petro mwaka 1952, naye alikiri waziwazi ya kuwa mwamba wa Mathayo 16 ni Petro mwenyewe. Hakuwa Mkatoliki kwa kukiri hivyo. Sisi nasi tukikiri, hatupungukiwi na kitu, ila twapata faida hii, ya kwamba jirani yetu ataona tunasoma kwa haki.

Basi ikiwa Petro ndiye mwamba, je, mambo yamekwisha? Hata kidogo. Hapo ndipo yaanzapo. Mwamba katika neno lile ni mahali pa kujengea. Mjenzi huweka msingi mara moja, kisha hupandisha kuta. Hakuna fundi arudiaye kuweka msingi mpya katika kila safu ya matofali. Paulo asema tumejengwa juu ya msingi wa mitume na manabii, naye Kristo Yesu ni jiwe la pembeni (Efe. 2:20). Yohana aliona ukuta wa mji wenye misingi kumi na miwili, na majina ya mitume kumi na wawili juu yake (Ufu. 21:14). Tena Paulo, alipoona Wakorintho wamegawanyika makundi, wengine wakijiita wa Kefa, aliwaambia hakuna awezaye kuweka msingi mwingine zaidi ya ule uliokwisha kuwekwa, ndiye Kristo (1 Kor. 3:11). Naye Petro, ambaye jina lenyewe ni lake, alipoandika habari ya mawe alimwita Kristo jiwe lililo hai, na Wakristo wote mawe yaliyo hai (1 Pet. 2:4-5). Juu ya mwamba wake mwenyewe hakusema neno.

Neno moja tu katika Mathayo 16 silioni, nalo ndilo ambalo mabishano yote yategemea: ya kuwa jina lile la mwamba litapita kwa mtu mwingine baada yake, na huyo ni askofu wa mji wa Rumi. Agostino, ambaye Wakatoliki wamheshimu kama sisi tumheshimuvyo, alipokuwa mzee aliyapitia maandiko yake yote. Akasema zamani alifundisha mwamba ni Petro, baadaye akafundisha ni Kristo ambaye Petro alimkiri, akamwachia msomaji achague lililo bora. Mtu huyu hakudhani kwamba kulichagua hili au lile kutamtoa mtu katika Kanisa.

Funguo ni neno gumu zaidi, na hapa Wakatoliki wana hoja ambayo yatupasa kuipa heshima. Wasema hivi: someni Isaya 22. Pale Shebna, msimamizi wa nyumba ya mfalme, anaondolewa kazini, na Eliakimu anawekewa begani ufunguo wa nyumba ya Daudi. Akifungua hakuna afungaye, akifunga hakuna afunguaye. Bwana alipompa Petro funguo alitumia maneno yale yale, na kazi ile ilikuwa na mrithi, maana Eliakimu alirithi kazi ya Shebna. Wazee wetu wa Kinyakyusa huisikia hoja hii kwa urahisi, kwa sababu wakumbuka jinsi malafyale alivyokabidhi nchi kwa wanawe. (Ingawa kwa desturi ya ubusoka nchi ilikabidhiwa kwa wana wawili, ikagawanywa; jambo hili Wakatoliki hawatalipenda.)

Jibu letu ni hili. Kwanza, tusome Isaya 22 mpaka mwisho, maana mlango unaishia na kigingi kilichokazwa mahali imara, nacho kinang'oka, na mzigo wake wote waanguka. Wafasiri hawapatani kama ni Eliakimu au Shebna aliyetajwa hapo, lakini mlango ule hauahidi ya kuwa mwenye funguo hataanguka. Pili, ufunguo wa Daudi wenyewe umo mkononi mwa Kristo aliyefufuka (Ufu. 3:7). Tatu, nalo ndilo kubwa, uwezo wa kufunga na kufungua aliopewa Petro katika Mathayo 16 wapewa wanafunzi wote katika Mathayo 18:18, pale pale aliposema habari ya kumpeleka ndugu mbele ya kanisa, na jioni ya Pasaka aliwavuvia wote akawapa kusamehe na kufungia dhambi (Yn. 20:22-23). Petro alipokea kwanza, na heshima ya kwanza ni yake. Lakini alipokea kama mtu apokeaye kwa niaba ya nyumba nzima.

Ndiyo maana Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika fungu la 28, lasema uwezo wa funguo ni uwezo wa kuhubiri Injili, kusamehe na kufungia dhambi, na kugawa sakramenti. Hakuna upanga ndani yake. Na Philip Melanchthon, alipoandika mwaka 1537 juu ya uwezo wa Papa, alikumbusha kisa alichokisimulia Agostino: Wakristo wawili wamo katika merikebu yenye hatari ya kuzama, mmoja bado hajabatizwa. Yule mwingine anambatiza. Kisha aliyebatizwa sasa hivi anamwondolea mwenzake dhambi zake. Hakuna padre katika merikebu ile, wala askofu. Je, funguo zilibaki pwani?

Sisi wa Konde tunakijua kisa hicho kwa njia nyingine. Mwaka 1916 vita vilipofika nchi hii, wamisionari Wajerumani walichukuliwa wakafungwa, wa Berlin na wa Herrnhut pia. Sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika, watu waliosoma kidogo na waliolipwa kidogo zaidi. Baadaye walikuja Waskoti wa Livingstonia kusaidia, na Wajerumani hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Katika miaka ile ya upweke watu waliendelea kukusanyika, Neno likasomwa, wenye dhambi wakaonywa na kupokewa tena. Vita vya pili vilipokuja Wajerumani wakachukuliwa mara nyingine, na sharika hazikufa. Mtu akitaka kujua fundisho letu juu ya funguo, asianze na vitabu vya Wittenberg. Na aanze na wazee wale wa Manow. Lakini asikimbilie mbali nao. Ungamo lile lile la Augsburg, fungu la 14, lakataza mtu kufundisha hadharani au kugawa sakramenti pasipo wito wa haki. Kisa cha merikebu ni cha dharura. Mtu asiyezama asijifanye anazama ili apate kubatiza, kama wafanyavyo wengine siku hizi wanaoanzisha kanisa Jumatatu na kuwa mitume Jumatano.

Hapa Mkatoliki atauliza swali lake zuri kuliko yote, nalo si la Kiyunani wala la Isaya. Atauliza: "Basi mkigombana, nani awaamue?" Naye ana mifano ya hapa hapa ya kutuonyesha. Mwaka 1891 Waberlini na Wamoravian walifika nchi hii wakati mmoja, wakapatana mpaka: Waberlini upande wa mashariki, wenzao upande wa magharibi, Rungwe ikiwa kituo chao. Ulikuwa mpango wa amani, nao ulizuia ugomvi mwingi. Lakini hata leo mtu aweza kuwa Mlutheri kwa sababu babu yake alijenga upande huu wa mpaka, na ndugu wa babu yule ni Mmoravian kwa sababu alijenga ng'ambo. Ni andiko gani lililoweka mpaka ule?

Tena atasema habari za karibu. Mwaka 2022 Dayosisi yetu ya Konde iligawanyika kwa ajili ya makao makuu, yakae Tukuyu au yawe Mbeya. Mkutano mkuu ukamwondoa askofu na kumchagua mwingine, na habari zikaenea katika magazeti ya nchi nzima. Lakini Wakatoliki nao walikuwa na jambo la Tukuyu na Mbeya. Misheni yao iliyoanzishwa mwaka 1932 iliitwa kwa jina la Tukuyu. Mwaka 1949 ikawa Vikarieti ya Mbeya, mwaka 1953 Dayosisi ya Mbeya, na mwaka 2018 Jimbo Kuu. Kila hatua ilikuja kwa amri ya Rumi. Jirani atawauliza, ipi kati ya njia hizi mbili inafanana na nyumba iliyojengwa juu ya mwamba?

Msimkasirikie. Jiwe alilolirusha limetufikia, na sitasema hapa ni nani katika shauri letu aliyekuwa na haki. Lakini kuna maneno mawili ya kumjibu, nayo yasemwe kwa upole.

La kwanza ni kwamba kiti kimoja hakikuzuia mafarakano hata kule Rumi. Toka mwaka 1378 hata 1417 kulikuwa na mapapa wawili kwa wakati mmoja, na mwisho watatu, kila mmoja akijiita mrithi wa Petro na kuwatenga wafuasi wa wenzake. Mwamba ulikuwa wapi miaka ile? Fitina ile haikumalizwa na papa, ilimalizwa na mkutano mkuu uliokaa Konstanz, ambao wajumbe wake walitumia dawa ile ile ya kukutana, kubishana na kupiga kura ambayo Wakatoliki hutucheka kwayo.

La pili latoka Matendo 15. Kanisa lilipogombana juu ya tohara, Petro alisimama akanena, na neno lake lilikuwa zito. Baada yake wakanena Barnaba na Paulo, kisha Yakobo akatoa shauri, na barua iliyopelekwa Antiokia ilitoka kwa mitume na wazee, wala haikutiwa jina la mtu mmoja. Baadaye Petro huyo huyo alipojitenga na mataifa mezani, Paulo alimpinga mbele ya watu wote (Gal. 2:11-14). Paulo hakusema Petro si mtume. Alisema haendi sawasawa na kweli ya Injili. Kwa hiyo sisi hatuna ugomvi na uaskofu, wala na mkutano mkuu, wala hata na mtu mmoja kuwa wa kwanza kati ya ndugu zake kwa utaratibu wa wanadamu. Melanchthon alipotia sahihi Makala za Smalkald mwaka 1537 aliandika kwamba kama Papa angeiachia Injili nafasi, angekubali awe na ukuu juu ya maaskofu kwa haki ya wanadamu. Luther hakuandika hivyo. Tofauti hiyo ya waalimu wetu wawili tusiifiche.

Mtaalamu wa Kikatoliki naye hatatupa jibu la kelele. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano mwaka 1870 ulisema kwa ukali juu ya uwezo wa Papa, ukitegemea hasa Mathayo 16, Luka 22:32 na Yohana 21. Lakini Mtaguso wa Pili, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulikusanya mifano mingi pamoja: zizi, shamba, jengo, bibi arusi, Yerusalemu wa juu, na mwili wa Kristo. Hilo ni jema, kwa maana mifano ikikaa pamoja hulindana. Mwamba peke yake waweza kumfanya mtu afikiri Kanisa ni boma. Bibi arusi hawezi kuwa boma. Na mwaka 1995 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika barua akiwaomba viongozi wa makanisa mengine wazungumze naye namna ya kuutumikia umoja katika kazi yake. Papa aombaye kushauriwa si Papa wa picha za zamani, zilizochorwa katika vita vya maneno.

Limebaki neno la mchungaji, na hapa nataka mwalimu afungue Biblia pamoja na jirani yake, wasome wote wawili. Wasome Yohana 21:15-17, pale Bwana anapomwuliza Petro mara tatu kama anampenda, na mara tatu anamwambia alishe kondoo zake. Mkatoliki ataona hapo kazi kubwa aliyopewa Petro, naye ana haki kuiona. Mlutheri na aangalie ya kuwa kondoo hawakubadilika mwenye; Bwana hakusema kondoo zako. Kisha wapindue kurasa mpaka 1 Petro 5:1-4. Hapo mtume anajiita mzee pamoja na wazee wenziwe. Anawaambia walilishe kundi si kwa kutaka fedha, wala kwa kujifanya mabwana, bali kwa kuwa vielelezo, na Mchungaji Mkuu anamweka mbinguni, naye atakuja. Mistari minne hiyo yawahukumu mapapa wengi waliopita. Yawahukumu pia maaskofu na wachungaji wa Kilutheri, na wazee wa usharika waliokwisha kudhani kiti cha mbele ni chao kwa kuwa baba zao walichonga mbao zake.

Na kwa wale wazee wa mahari niliowataja mwanzo, kuna jambo moja lisilohitaji mabishano. Ubatizo wa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu hutambuliwa na pande zote mbili. Mlutheri aingiaye kwa Wakatoliki habatizwi tena, wala Mkatoliki ajaye kwetu. Basi neno la Petro na Papa laweza kungoja kikao kingine. La kwanza la kuulizana jioni ile ni mahali pa kufunga ndoa, na kanisa litakalowafundisha watoto, nalo lijibiwe na kijana na binti wenyewe, wakiwa wamekaa na mchungaji na padre mezani pamoja.